Mama yuko Winnipeg, mume Nakivale, kijana Uvira: wakili anafanya nini hasa hapa?

Mkalimani_Wpg

Salaam kwenu. Kuna mama ninayemtafsiria kwenye miadi yake hapa Winnipeg, na faili lake limenizidi kimo. Naweka mambo yalivyo, bila jina, mnisaidie.

Ni Mkongomani wa Fizi. Serikali ya Kanada ilimtoa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, akatua 14 Machi 2025 na watoto wawili wa shule. Fomu zake za ukaazi ziliwasilishwa Oktoba 2021. Waliobaki ni hawa:

Mume. Walipotezana wakati wa kukimbia, na mwaka huu amepatikana kambi ya Nakivale, Uganda. Mama ana hakika alimtaja, ila hakumbuki kama waliandika "hajulikani alipo" au yeye ndiye aliyeandikwa "mjane".

Binti mkubwa, wa Agosti 2002. Alikuwa na baba yake. Alitajwa.

Kijana wa Februari 2004, baba yao mmoja. Aliachwa kwa bibi yake Uvira. Huyu hakutajwa kabisa, kwa sababu kambini watu walimwambia mama kwamba ukitaja mtoto aliye Kongo faili linasimama.

Mtoto wa marehemu dada yake, miaka 13. Mama alimlea tangu ananyonya, lakini alikuwa kwenye kadi nyingine ya mgao. Sasa yuko kwa jirani Nyarugusu.

Kuna mtu anataka dola 3,000 "afuatilie ubalozini", anadai ana mtu wa ndani. Wakili mmoja tuliyempigia amesema atatoza kwanza kusoma faili la zamani, kabla ya kugusa fomu yoyote. Kusoma tu? Je, mama anahitaji wakili kweli, au tujaze wenyewe? Na tuanze na nani? Sisi tulipanga kuanza na mume.

KaraniWaMafaili

Ndugu Mkalimani, huyo wakili aliyetaka kusoma kwanza ndiye anayeijua kazi. Wengi hudhani wakili wa uhamiaji ni mtu wa kujaza fomu kwa Kiingereza kizuri. Fomu hata wewe utazijaza. Kinachokwamisha familia ni kwamba ofisa akifungua ombi la leo anafungua na la 2021, anayalinganisha. Yakipishana jina, tarehe au idadi ya watoto, maswali yanaanzia hapo. Kwa hiyo kazi kubwa ya wakili ni kujua mama alishasema nini kwenye karatasi, kisha kumchagulia kila mtu mlango wake. Hao wanne wako kwenye milango mitatu tofauti, na tarehe zao za mwisho hazifanani hata kidogo.

Faili la zamani mama analiomba IRCC, idara ya uhamiaji ya Kanada, kwa sheria ya kupata taarifa, ada ni dola 5. Ombi liseme wazi: nakala ya fomu IMM 0008 na IMM 5669 alizosaini kambini, nyongeza zake zote, na maandishi ya ofisa aliyemhoji. Ukiandika tu "naomba faili langu", mara nyingi utaletewa kurasa za mfumo wa kompyuta zilizojaa vifupisho, na fomu yenyewe haimo. Sheria inawapa siku 30, nao huzipita mara kwa mara.

Sasa mume na binti. Hawa mlango wao ni ule wa mwaka mmoja, wa familia za wakimbizi waliohamishiwa Kanada. Sharti la kwanza ni kuwa walitajwa kwenye ombi la mama kabla hajasafiri. La pili, ombi lao liwasilishwe ndani ya mwaka mmoja tangu siku mama alipotua. Hesabu siku iliyoandikwa kwenye karatasi yake ya kuthibitisha ukaazi aliyosainiwa uwanja wa ndege. Watu husoma tarehe ya kadi ya plastiki ya ukaazi iliyokuja kwa posta miezi miwili baadaye, wanachelewa wakiwa wametulia. Kwenu ni kabla ya 14 Machi 2026.

Fomu ya kuuomba mlango huu ni IMM 5578, ikiambatana na fomu za kawaida za ukaazi za mume na binti. Hakuna ada ya serikali. Mama haulizwi kipato. Mume naye halazimiki kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ni mkimbizi, kwa sababu anaingia kwa mgongo wa mkewe. Wanachopimwa ni undugu, afya, usalama na rekodi ya jinai.

Kuhusu binti, msiogope miaka 23. Mtoto tegemezi kwa sheria ya Kanada ni aliye chini ya miaka 22, asiye na mume wala mwenzi. Lakini umri wake hufungwa siku ombi la mzazi lilipowasilishwa. Oktoba 2021 alikuwa na 19, basi anahesabiwa 19. Kisichofungwa ni hali ya ndoa. Huyo anatakiwa abaki bila mume mpaka atue Kanada.

Kosa lenu ni kupanga kuanza na mume. Saa inayolia ni ya kijana wa Uvira. Yeye umri wake haujafungwa na chochote, maana hakutajwa, na Februari 2026 anatimiza 22. Tarehe yake inatangulia ya baba yake.

MzeeWaUdhamini

Karani amesema vema. Nichukue hapo kwa kijana, kwa sababu hapa ndipo wakili anapostahili pesa yake.

Kuna kanuni ya 117(9)(d). Inasema, kwa lugha ya nyumbani: ndugu wa karibu ambaye hukumtaja wala hakupimwa wakati wewe unapata ukaazi, huwezi kumdhamini baadaye. Haiulizi kwa nini hukumtaja. Awe alifichwa kwa hila, awe alisahauliwa, awe alizaliwa wiki mbili kabla ya ndege na hakuna aliyewaambia kwamba lazima mseme, wote ni mfuko mmoja. Kwa miaka mingi familia zilifungiwa hapo, na tundu pekee lilikuwa kuomba huruma chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya uhamiaji.

Tarehe 9 Septemba 2019 serikali ilianzisha utaratibu maalumu wa kuilegeza kanuni hiyo, na umeongezwa muda zaidi ya mara moja. Unawahusu waliokuja kama wakimbizi waliohamishiwa, waliopewa hifadhi wakiwa ndani ya Kanada, na waliokuja wakidhaminiwa kama mume, mke, mwenzi au mtoto. Sharti lake kubwa: je, huyo aliyefichwa angetajwa wakati ule, mdhamini angekosa sifa za kuja? Kwa mkimbizi jibu kwa kawaida ni hapana, mtoto wa miaka 17 aliyeko Uvira asingemwondolea mama ukimbizi wake. Lakini wakili ataisoma hadithi nzima kabla ya kuandika hivyo, maana kuna mafaili ambayo mtoto aliyefichwa anabadilisha kila kitu, kwa mfano mtu aliyejiandikisha kama mtoto tegemezi asiye na mwenzi kumbe ana familia yake.

Kwa hiyo mama atamdhamini kijana kama mtoto, kwa ombi la kawaida la udhamini, na barua ya wakili inayoomba utaratibu huo wa 2019. Kwa viwango vya Aprili 2024 ada ilikuwa dola 170, na alama za vidole dola 85. Kwa mtoto asiye na mtoto wake mwenyewe hakuna kiwango cha chini cha kipato. Kizuizi ni kama mama anaishi kwa msaada wa jamii wa mkoa kwa sababu isiyo ya ulemavu. Ule msaada wa mwaka wa kwanza wa wakimbizi unatolewa na serikali kuu, si mkoa, na hilo wakili alitolee hoja mapema asisubiri kuulizwa.

Umri wa kijana utafungwa siku ombi lake litakapopokelewa likiwa kamili. Neno ni kamili. Ombi lenye upungufu hurudishwa, na likirudishwa ni kama halikuwahi kutumwa. Ukituma tarehe 20 Januari, likarudi Machi kwa sababu ya saini moja, kijana ameshakuwa na 22 na mlango umefungwa. Makosa yanayorudisha maombi ya vijana wa umri huu ni ya kitoto kabisa: bibi anasaini kwa niaba yake kama vile bado ni mtoto, kumbe mwenye miaka 18 anasaini mwenyewe, risiti ya malipo haikupandishwa, kisanduku cha anwani za miaka kumi kina pengo la miezi minne, picha ya fomu imepigwa kwa simu na ukingo wa chini, penye saini, umekatika. Hilo la mwisho litazame kwa macho yako, ukurasa kwa ukurasa, kabla hujabonyeza kutuma.

Halafu kuna mtego ambao watu wa kujaza wenyewe huanguka nao. Mume naye anajaza fomu, na fomu yake inauliza watoto wake wote. Familia hukaa kikao cha simu, wanakubaliana: "Tusiseme huyu kijana kwa baba, tusije tukapingana na fomu ya mama." Hapo mmemfungia mara mbili. Baba naye akitua bila kumtaja, na yeye ameingia kwenye kanuni ileile. Fomu ya baba imtaje kijana, na barua ieleze wazi kwa nini ya mama haikumtaja. Kupingana na karatasi ya zamani kwa maelezo ni jambo linaloweza kutetewa, kuliko kuendelea kukubaliana nayo kwa uongo.

Barua yenyewe iwe fupi na iwe ya mama, kwa maneno yake, iliyotafsiriwa. Nani alimwambia asimtaje, wapi, alielewa nini, kijana alikuwa anaishi na nani, nani alimlipia ada ya shule. Msimtupie lawama mfanyakazi wa shirika fulani kama haikuwa kweli. Ofisa ana maandishi ya siku ile ya mahojiano, na huwa yameandikwa kwamba aliulizwa kwa mkalimani kama ana mtoto mwingine yeyote, popote.

Mtoto wa dada yake ni habari nyingine, na kwa bahati nzuri haina haraka ileile. Kwa sheria mpwa si sehemu ya "familia" inayotakiwa kutajwa, kwa hiyo 117(9)(d) haimgusi. Lakini mlango wa mwaka mmoja pia haumpokei, hata kama mama ndiye aliyemlea. Anayo nafasi ya udhamini wa mpwa yatima: awe chini ya miaka 18, bila mwenzi, na wazazi wote wawili wamefariki. Wote wawili. Watu huleta cheti cha kifo cha mama peke yake na kusema baba "hayupo". Asiyejulikana alipo hajafa kwenye karatasi. Kama baba alikufa kweli, itafutwe ile jugement supplétif ya kifo huko Kongo, yaani hukumu ya mahakama inayosimama mahali pa cheti. Kama hajulikani, wakili aende kifungu cha 25, aeleze malezi na maslahi ya mtoto. Na udhamini huu wa mpwa, tofauti na wa mtoto wa kumzaa, unadai kipato cha chini kinachopimwa kwa miezi 12 iliyopita. Mama wa miezi minane nchini huenda hajafika. Ana miaka 13, upo muda wa mama kupata kazi. Kinachotakiwa sasa ni kukusanya ushahidi wa malezi wakati majirani wa Nyarugusu bado wapo: kadi ya mgao, daftari la kliniki, barua ya shule yenye jina la mama kama mlezi.

Isingiro77

Naongeza ya upande wa huku Uganda, maana mnazungumza kama karatasi zinaota Winnipeg.

Mume wa Nakivale alipofika Uganda alisajiliwa na ofisi ya Waziri Mkuu pamoja na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Swali la kwanza: alijiandikisha vipi? Wanaume wengi waliodhani mke amekufa wanaandikwa "mjane" au "mseja". Wengine wameshaishi na mwanamke mwingine na wana mtoto. Mama asisikie hilo kwanza kwenye barua ya kukataliwa. Muulizeni mume moja kwa moja, na wakili aulize tena bila mke kuwa kwenye simu. Kama kuna mtoto mpya, anatajwa. Kama kuna mwanamke, wakili lazima ajue kabla, kwa sababu Kanada inatambua ndoa ya kwanza tu, na ofisa atauliza ipi inaendelea.

Binti naye yupo kwenye kadi ya nani? Kama yuko kwenye kadi yake mwenyewe na mwanaume, kwa macho ya ofisa ana mwenzi, hata kama ni mahari tu iliyotolewa, hata kama hakuna cheti. Akiwa na mtoto bila mwanaume, ni sawa, mtoto wake anaingia kama tegemezi wa tegemezi, mradi atajwe. Hapa ndipo wazazi wanaharibu: wanaogopa aibu ya binti kuzaa nyumbani, wanamwandika mjukuu kama mtoto wa bibi. Kipimo cha DNA cha kuthibitisha undugu kikiitishwa, aibu inakuwa kubwa kuliko ile waliyoikimbia.

Ndoa ya mama na baba kama ilikuwa ya kimila na haikusajiliwa Kongo, msikimbilie kutafuta cheti kipya chenye tarehe ya zamani. Cheti cha 2025 kinachosema ndoa ilifungwa 2001, kimepigwa muhuri na mtu ambaye hakuwepo, kinazaa mashaka kuliko faida. Afadhali kusema ukweli kwamba ni ndoa ya kimila, kisha kuonyesha maisha: watoto wenye jina la baba huyohuyo kwenye kadi za chanjo, na watu wawili waliokuwepo siku ya mahari wanaoapa kwa kina, nani alikuja, ng'ombe wangapi, mtaa gani. Kanada pia ina nafasi ya wenzi walioishi pamoja mwaka mmoja, na kutenganishwa na mateso hakukati huo uhusiano.

Na tafadhali msifunge ndoa ya simu ili "kusaidia". Tangu 11 Juni 2015 Kanada haiitambui kwa uhamiaji ndoa ambayo mmoja hakuwepo kwa mwili wake, iwe ya simu, ya video au ya wakala. Nikaha yenu mbele ya Mungu ni yenu, ila kwa ofisa haipo. Mbaya zaidi, tarehe ya ndoa mpya inafanya ile ya zamani ionekane haikuwahi kuwepo.

Majina sasa. Laza karatasi tatu za binti mezani. Kadi ya Uganda: "Esta", amezaliwa 01/01/2002. Fomu ya mama: "Esther", Agosti 2002. Cheti cha shule cha Fizi: "Espérance", jina la ubatizo, na jina la ukoo tofauti na la baba yake, kwa sababu Wakongomani wengi hatupeani jina moja la ukoo kama Wazungu. Ofisa anaona wasichana watatu. Dawa yake ni ukurasa mmoja wenye jedwali: karatasi gani, iliandikwa na nani, imeandika nini, na kwa nini. Ile 01/01 ni tarehe wanayopewa watu ambao mwandikishaji hakupata siku yao kamili, na maofisa wanalijua hilo, lakini wanataka uliseme wewe. Usiende kubadilisha kadi ya Uganda ili ifanane na fomu. Mabadiliko yenyewe yanabaki kwenye mfumo, na yanaonekana yalifanyika mwezi mmoja kabla ya ombi.

Kipimo cha DNA msinunue sasa. Subirini barua ya IRCC. Kinafanywa na maabara zinazotambuliwa na Baraza la Viwango la Kanada, na sampuli inachukuliwa mbele ya shahidi anayekagua kitambulisho. Vile vifurushi vya mtandaoni vya kutemea mate nyumbani ni pesa iliyotupwa. Daktari vilevile: uchunguzi unadumu miezi 12, ukiwahi sana utaisha kabla ya viza. Picha ya kifua ikionyesha kovu, makohozi yanaoteshwa kutafuta kifua kikuu, na hiyo inachukua wiki nane hivi. Hakuna wakili wa kuiharakisha bakteria, kwa hiyo msimpigie kila siku kwa hilo.

Jambo dogo la kuokoa pesa: karatasi za Kongo za Kifaransa hazihitaji kutafsiriwa kwa Kiingereza. Kifaransa ni lugha rasmi ya Kanada. Tafsirini za Kiswahili tu, na mtafsiri asiwe ndugu.

Mkalimani_Wpg

Asanteni sana wazee wangu. Tumewapigia Nakivale. Mume hana mwanamke mwingine, ila kadi yake inasema "mjane". Binti ana mtoto wa mwaka mmoja, hana mume.

Maswali mawili. Je, tusubiri faili la zamani lije ndipo tutume chochote? Na yule wa dola 3,000 ameteremka hadi 1,800, anasema kwa bei hiyo atasaini hata kama mwakilishi wa mama.

KaraniWaMafaili

Msisubiri. Ombeni faili leo, na kwa kijana andaeni ombi sambamba. Kwake yeye hatuhitaji faili kujua hakutajwa, mama anakiri mwenyewe. Lipandishwe likiwa kamili kabla ya Krismasi, libaki na nafasi ya kurekebishwa likirudi.

Kwa mume na binti mna hadi Machi, hapo subira ya wiki kadhaa ina faida. Likija faili likasema "hajulikani alipo" na jina lake limo, tumeni njia ya mwaka mmoja bila wasiwasi. Likisema "mjane", wakili atatuma bado kabla ya 14 Machi akieleza kwamba mama aliamini amekufa, na kuomba kwa mbadala udhamini wa mume chini ya ule utaratibu wa 2019. Na hiyo kadi ya Uganda inayosema "mjane" katika hali hiyo inageuka ushahidi mzuri: wote wawili, nchi mbili tofauti, bila kuwasiliana, kila mmoja aliamini mwenzake amekufa. Msiibadilishe.

Likichelewa faili mpaka mwisho wa Februari, tumeni hivyohivyo. Mwaka ukipita haurudi.

MzeeWaUdhamini

Sikubaliani kidogo na Karani hapo kwa mume. Mimi ningetuma Januari, faili liwe limekuja au halijaja, na barua inayosema mama hakumbuki maneno yaliyotumika na ameomba nakala. Ombi la kurekebishwa liko hai. Ila hilo ni la wakili wenu kuamua, yeye ndiye atakayesimama nalo.

Kuhusu huyo wa 1,800. Anayeruhusiwa kulipwa kwa kumwakilisha mtu kwenye uhamiaji wa Kanada ni wakili au msaidizi wa sheria aliyesajiliwa na chama cha sheria cha mkoa, noteri wa Quebec, au mshauri aliye kwenye daftari la chuo cha washauri wa uhamiaji, kile kinachoitwa CICC. Mwingine yeyote anayepokea pesa anavunja kifungu cha 91 cha sheria ya uhamiaji. Madaftari yote yako wazi mtandaoni, tafuteni jina lake na mkoa wake, dakika tano. Kisha mwambie asaini fomu ya mwakilishi, IMM 5476, na aandike namba yake ya usajili. Watu wa aina hii huchagua kisanduku cha "mwakilishi asiyelipwa", yaani rafiki. Hapo mama ndiye anasaini uongo, na barua zote za IRCC zinaenda kwenye barua pepe ya mtu ambaye kesho anabadilisha namba ya simu. Barua yenye siku 30 za kujibu ikifikia huko, mtajua siku ya kukataliwa.

Wewe Mkalimani kama unajaza bure, ni halali, ila jiandike wazi kwamba umemsaidia. Na usitoe ushauri wa njia ipi ifuatwe, hiyo waachie wenye leseni.

Kwa wakili, muulizeni mambo manne kabla ya kusaini: ni ada moja ya kazi nzima au ya saa, ada hiyo inahusu maombi mangapi, kwa sababu hapa mna mawili na huenda ya tatu, nani hasa atasoma fomu, yeye au karani, na ikija barua ya mashaka ya ofisa, kuijibu ni ndani ya ada hiyo au ni nyingine. Pesa ikae kwenye akaunti ya amana mpaka kazi ifanyike. Mkataba uwe wa maandishi, na umtafsirie mama mstari kwa mstari kabla hajasaini.

Ujue pia kukataliwa kuna njia mbili tofauti, watu hukosea hapa. Udhamini wa kijana ukikataliwa, kwa kawaida mama ana siku 30 kukata rufaa kwenye kitengo cha rufaa za uhamiaji. Ila ukikataliwa kwa 117(9)(d), rufaa hiyo haina meno ya huruma, na wakili atatazama Mahakama ya Shirikisho. Ombi la mume la mwaka mmoja halina rufaa kabisa. Ni Mahakama ya Shirikisho tu, ndani ya siku 60 kwa uamuzi uliotolewa nje ya Kanada, ada ya kufungua dola 50. Mahakama hiyohiyo ndiyo inayoweza kuilazimisha IRCC iamue ombi lililolala muda usio na maelezo. Wakili mzuri huandika kwanza barua ya kudai, akitaja tarehe ya kila alichotuma, na mara nyingi faili huamka hapohapo.

Isingiro77

Mtoto wa binti wa mwaka mmoja: anao usajili? Kama alizaliwa kituo cha afya cha kambi, ile karatasi ya kuzaliwa ya kliniki isipotee, na aongezwe kwenye kadi ya mama yake wiki hii, si ya babu. Kuongeza mtoto aliyezaliwa kweli ni halali, haifanani na kubadilisha "mjane".

Na wote wasihame Nakivale kwenda kukaa Kampala kusubiri bila kumwambia wakili. Wakiitwa mahojiano kwa namba ya simu iliyozimwa, faili linaandikwa hawapatikani. Namba mbili, moja iwe ya mtu asiyehamahama. Kibali cha kutoka Uganda nacho kinatolewa wakiwa kwenye rekodi za makazi. Wasio na pasipoti Kanada huwapa hati ya safari ya mara moja.

Mkalimani_Wpg

Nimekuta jina la yule bwana halipo kwenye daftari lolote. Wakili wa kwanza ametupa miadi Jumatatu. Kijana wa Uvira ameniambia hana printa, anaweza kusaini kwenye simu?

KaraniWaMafaili

Inategemea fomu. Baadhi husainiwa kwa kuandika jina ndani ya tovuti ya IRCC, na hiyo anaweza kwa simu akiwa na akaunti yake. Zilizobaki zinataka kalamu. Atafute duka la kuchapia, asaini kwa wino wa bluu au mweusi, alaze karatasi mezani penye mwanga wa mchana, pembe zote nne zionekane, atume kama hati, si kama picha ya WhatsApp, maana WhatsApp inaibana picha mpaka saini inakuwa ukungu. Saini ifanane na ya kitambulisho chake cha kura. Mwambie afanye kabla ya Jumatatu, wakili azione zikiwa mkononi.